Opereta Aliita Kanada Mara Tatu

Mpaka leo sijui nimweke wapi Opereta kichwani mwangu. Nikijaribu kumweka kwenye watu wema, kuna kitu kinakataa, na nikimweka kwingine naona haya. Watu wa kwetu Kabambare ukiwauliza watakuambia haraka haraka kwamba alikuwa mtu wa haki, kisha wataendelea na shughuli zao. Mimi niliyemjua tangu umri wa kutumwa dukani, niliyempikia ugali na sombe ya majani ya muhogo nyumbani kwangu Kasongo, tena niliyemkaripia mbele ya wateja, sina jibu la haraka namna hiyo.

Jina lake silitaji, na sidhani kama wengi walikuwa wanalijua. Alikuwa Opereta, basi. Ukoo wake, alikozaliwa, aliyemfundisha kazi, hayo nawaachia wengine. Ninachokijua mimi ni chumba chake, chumba kidogo cha matofali nyuma ya duka la mfanyabiashara mmoja, na ndani yake foni, ile redio ya kuzungumziana tuliyokuwa nayo kabla antena za simu hazijafika. Betri ya gari ilikuwa chini ya meza, paneli ya jua juu ya bati, na waya mrefu umefungwa juu ya milingoti miwili ya mianzi. Mtu akitaka kumfikishia neno ndugu yake wa Kasongo au wa Kindu, alikuja pale akaliandika kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Karatasi ikabanwa kwenye kamba ukutani kwa vibanio vya nguo, kuanzia kushoto, kila moja kwa jinsi mwenyewe alivyofika. Saa mbili asubuhi Opereta alianza na karatasi ya kushoto. Saa tisa mchana alianza tena pale alipoachia.

Foni ina tabia yake. Ukibonyeza kitufe ili useme, husikii. Ukitaka kusikia, achia kitufe na ufunge mdomo. Kwa hiyo kila akimaliza kusema aliweka neno moja, "nakuachia", ili mwenzake wa upande wa pili ajue zamu ni yake. Neno hilo lilimfuata mpaka mezani. Ukimpa chai atasema, "Sukari imepungua, nakuachia," halafu ananyamaza kabisa, kidole gumba kimeinuliwa kidogo, anakungoja. Ukisahau nawe kusema "nakuachia", mnakaa mnatazamana. Mke wake, mama mcheshi aliyeuza mafuta ya mawese, alikuwa akiwaambia wateja kwamba akitaka kusema na mume wake anaandika karatasi na kupanga foleni kama wao. Tulicheka sana. Mimi sikujua kama ilikuwa mzaha wote.

Tena hakuita watu kwa majina. Aliwaita kwa mahali, kama stesheni. Mtu wa machimbo ya Lusangi akipita barabarani, ni "Lusangi, habari ya dhahabu?" Mama aliyeleta samaki wakavu alikuwa "Nyangwe". Nilipoolewa nikahamia Kasongo, mimi niliyekuwa "Dukani" siku zote, nikapandishwa cheo nikawa "Kasongo". Mume wangu alikasirika kwamba mji mzima nimepewa mimi.

Habari ya haki yake ndiyo watu wanaipenda zaidi. Siku moja alifika mkubwa mmoja wa serikali ya teritware, yaani wilaya yetu, na walinzi wake, akataka apite mbele. Opereta akamwonyesha kamba. Mbele yake kulikuwa na mama aliyetaka kumwambia dada yake kwamba mbuzi amezaa.

"Mbuzi?" mkubwa akauliza. "Mi niko na mambo ya teritware, wewe unaniambia mbuzi?"

"Mbuzi ilifika kwanza, bwana mukubwa. Nakuachia."

Mkubwa akangoja. Watu wa Kabambare wanaisimulia hadithi hiyo mpaka leo, na kila anayesimulia anamwongezea yule mama mbuzi wengine.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo watoto wa leo hawalijui. Kwetu kifo hakikutangazwa hewani. Kumwambia mtu "mama yako amekufa" kupitia foni, mbele ya opereta wa huko na foleni nzima inayosikiliza, ilikuwa kama kumpiga. Opereta alisema, "Mgonjwa amezidiwa, njooni," na kila aliyesikia alielewa, akaanza kulia. Shida ilikuwa pale mgonjwa alipozidiwa kweli na bado yu hai. Mzee mmoja aliugua tumbo, habari ikaenda Kasongo kwamba amezidiwa, na wanawe wakaja na nguo za msiba na kilo za sukari ya matanga. Walimkuta ameketi kitandani anakula ndizi. Mzee hakukasirika, ila sukari hakuirudisha. Tangu siku hiyo Opereta akaongeza maneno kwa wagonjwa walio hai: "Amezidiwa, lakini anakula." Ukisikia "lakini anakula", unapumua.

Mwenyewe alijaa mambo yasiyopatana. Alisikia siri za ndoa zote za teritware, mimba zote, ugomvi wote wa mashamba, na hakuna hata moja iliyotoka mdomoni mwake. Lakini mpeleke penye mpira wa miguu uone uongo atakaoumwaga. Simu zilipofika alizichukia, akisema ni upuuzi watu wawili kusema kwa wakati mmoja, lakini alizitengeneza zilipoharibika, na vizuri. Foni ilipozimwa kwa kukosa wateja hakulalamika. Aliendelea tu kukaa kwenye kile chumba saa mbili na saa tisa, anatengeneza redio za watu. Nilipokuwa nikienda Kabambare nilimkuta pale, saa zile zile, na sikuthubutu kumuuliza anangoja nini.

Sasa nifike kwenye binti yake. Tulisoma naye Kasongo, tukilala chumba kimoja kwenye bweni la shule. Siku moja ya Alhamisi alikuja mjumbe kutoka kwa opereta wa Kasongo na kikaratasi. Kiliandikwa: Mama amezidiwa. Njoo. Nilikisoma pamoja naye. Alikigeuza nyuma, akakirudia tena mbele, anatafuta yale maneno mengine mawili. Mimi mjinga nikamwambia asiogope, labda karatasi ilikuwa fupi.

Mama yake alikuwa amekufa Jumatano alfajiri. Jumatano hiyo hiyo saa mbili, Opereta aliingia kazini kama kawaida. Aliandika karatasi yake na kuibana mwisho wa kamba, kulia kabisa, nyuma ya watu kumi na kitu. Alianza kushoto. Mchana betri ikaisha kabla hajaifikia yake, na karatasi ikatoka Alhamisi. Jumatano adhuhuri kulikuwa na gari la mfanyabiashara lililotoka Kasongo kwenda Kabambare, na hilo lingemfikisha binti kabla ya mazishi. Alhamisi hakukuwa na kitu. Alipanda baiskeli ya kukodi, akasukuma, akatembea, akafika siku ya tatu. Udongo ulikuwa umeshaanza kukauka.

Kabambare yote ilimsifu Opereta. Hata mkewe amekufa, hakuruka mstari! Mtu gani huyu! Binti yake alikaa matanga, akamaliza, akaondoka. Baadaye tulisikia yuko Bujumbura, baadaye kambi ya wakimbizi, baadaye Kanada. Hakumtumia baba yake neno hata moja. Mimi nilikuwa katikati. Nilimpenda rafiki yangu, lakini nilikuwa nimefundishwa tangu utoto kwamba Opereta ndiye haki yenyewe, na sikujua nimlaumu nani.

Miaka ikapita. Nikafungua kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi karibu na soko la Kasongo. Nina kompyuta moja niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Haijawahi kunipenda. Siku ya Alhamisi, mwaka juzi, nikasikia mlangoni:

"Kasongo, unanisikia?"

Alikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi mpaka viatu. Kutoka Kabambare, njia ilivyo, pikipiki ilimchukua siku nzima na nusu, mzee wa umri ule.

"Nakusikia, Papa Opereta. Karibu, kaa kwanza. Kuna nini?"

"Niko natafuta mashine ya kuona mutoto. Iko nasema mu redio ya enternet, kule Kanada. Siku ya Mungu, saa tisa. Nakuachia."

Dereva mmoja wa pikipiki alikuwa amemwambia kwamba wanawake wa Maniema, jimbo letu, walioko kule wana kipindi kila Jumapili, kwa Kiswahili, sauti na picha. Jumapili ile binti yake ndiye angeongea, habari ya kuomboleza wafu wako ukiwa mbali. Huko Kabambare simu hushika kilimani tu, tena kwa sauti peke yake, picha haifiki.

"Ataongea juu ya mama yake," akasema. "Ataongea juu yangu. Ile saa, lazima mi niwe pale."

Nilimwambia asihofu, kompyuta ninayo, hiyo ni kazi ya dakika tano. Naomba Mungu anisamehe kwa hizo dakika tano.

Alhamisi mashine haikufungua ukurasa hata mmoja wa mtandao. Kila nikibonyeza, lilikuja onyo la Kifaransa kwamba mahali hapa si salama. Nilidhani ni virusi. Nikazima, nikawasha, nikaomba, nikatukana. Opereta alikuwa ameketi nyuma yangu, mikono magotini. Baada ya muda mrefu akanyoosha kidole kwenye pembe ya chini ya kioo.

"Mashine yako inasema leo ni mwaka gani?"

Nikaangalia. Ilikuwa inaonyesha mwaka wa zamani kabisa, mimi bado ninaruka kamba. Betri yake ndogo ya ndani ilikufa siku nyingi, kwa hiyo kila umeme ukikatika inasahau tarehe. Nilijua hilo. Nilikuwa naandika tarehe za barua kwa mkono na kuendelea na maisha yangu.

"Stesheni gani itakupokea kama haujui leo ni siku gani? Nakuachia."

Tukaiwekea tarehe na saa, akiisoma kutoka saa yake ya mkononi mpaka sekunde, na kurasa zikafunguka. Sikufurahi. Mzee ambaye hajawahi kugusa kompyuta alikuwa amenishinda kwenye kibanda changu mwenyewe.

Ijumaa ukurasa wa kipindi ukafunguka, lakini picha hazikutaka kucheza. Mashine ikasema programu yangu imezeeka, ifanywe upya. Nikakubali. Loo! Ikanywa mega zote za mtandao nilizonunua, ikamaliza, kisha ikaanza kufanya upya vitu vingine ambavyo hakuna aliyeviomba. Nilipiga kelele mpaka wauza nyanya wakachungulia.

"Kasongo," akasema taratibu, "usipige kelele juu ya stesheni ingine. Nakuachia."

Nikamjibu kwamba hii si foni yake, na kwamba kama anajua sana aende akatengeneze mwenyewe. Niliyasema hayo mbele ya wateja wawili. Alitoka nje, nikadhani amekasirika, kumbe alikwenda kutafuta mwanzi. Simu yangu, ambayo ndiyo ilikuwa inailetea kompyuta mtandao, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaifunga juu ya ule mwanzi na kuusimamisha kando ya bati. Alama za mtandao zikapanda kutoka moja hadi tatu. Wauza nyanya wakapiga makofi. Nilimwomba radhi, na nilimaanisha.

Jumamosi picha zikacheza bila sauti. Watu wanafungua midomo, hakuna kitu. Nilizunguka kwenye mashine nusu siku kabla ya kuona kwamba kile kichoro cha spika kimepigwa mstari, na kwamba niliupiga mimi mwenyewe zamani nilipochoshwa na milio yake. Nikautoa. Bado kimya. Opereta akafuata waya wa spika kwa vidole, akapata pale panya walipotafuna, akausokota na kuuzungushia sparadra, ile plasta ya kidonda. Sauti ikatoka, mtu fulani anatangaza sabuni, na tukacheka wote wawili kama tumeokota dhahabu.

Halafu akauliza, "Na mikro?"

"Mikro ya nini, Papa?"

"Inafanya kazi ao haifanyi?"

Nilidhani anapenda tu vitu vikamilike. Nikamfungulia sehemu ya kujaribia mikro, kile kipaza sauti cha mashine, nikamwambia akohoe. Vistari vya kijani vikaruka. Akakohoa tena, vikaruka tena. Sijawahi kumwona anafurahi namna ile. Jioni hiyo alikuja mama mmoja kuzungumza na mwanawe wa Kolwezi kwa simu ya picha, kwenye kompyuta hiyo hiyo, kupitia mikro hiyo hiyo. Opereta aliomba ruhusa akae kando. Yule mama akamwambia mwanawe amekonda, mwana akacheka, akainua shati aonyeshe tumbo. Opereta alitazama bila kupepesa macho. Nami, niliyekuwa nafagia, sikuunganisha jambo hata moja na lingine.

Jumapili saa tisa tulikuwa watano kibandani: yeye, mimi, mume wangu na majirani wawili. Opereta alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe, na mbele yake alikuwa na daftari la kazini la zamani. Kile kiduara cha kungoja kikazunguka, kikazunguka, mpaka mume wangu akasema basi. Ndipo binti yake akatokea. Alikuwa amenenepa, ana miwani, pazia la maua nyuma yake.  Opereta hakusogea.

Alisalimia, akataja wenzake, akasema mambo ya kuomboleza kwenye theluji, kuchangisha, kupika usiporuhusiwa kuwasha moto nje. Kisha akavua miwani.

"Mama yangu alikufa asubui," akasema. "Papa yangu njo alikuwa na foni. Kabambare yote ilipata zamu, mama yangu akabakia wa mwisho. Watu wanasema ile ni haki. Mi mpaka leo sijui ni nini."

Opereta akakandamiza kidole gumba mezani, kama penye kitufe. Akasogea mpaka pua yake karibu iguse mashine.

"Kanada, Kanada, hapa ni Kabambare, niko Kasongo. Unanisikia? Nakuachia."

Akarudi nyuma, akangoja. Binti yake aliendelea kusema. Majirani wakaangaliana. Mimi nilikuwa nimeduwaa, sijaelewa bado.

"Kanada, Kanada, hapa ni Kabambare. Ni papa yako. Unanisikia? Nakuachia."

Binti yake akacheka kidogo kwa jambo aliloulizwa na mwenzake. 

"Kanada, hapa ni Kabambare. Nakuachia."

Hiyo ilikuwa ya tatu. Kwenye foni, stesheni huitwa mara tatu. Isipojibu, opereta anaandika na kufunga. Akafungua daftari, akaandika tarehe, saa, na neno moja: Hakujibu. Akalifunga daftari. Ndipo nilipopata akili na kuanza kupayuka.

"Papa, hasikii! Hii inatoa tu, haipokei! Yeye hatuoni!"

"Mikro iliitika. Wewe mwenyewe ulinionyesha."

"Ndiyo, lakini ile ni..."

"Mama ya jana alisema, mutoto wake akamujibu. Mashine njo ile ile. Usinidanganye, Kasongo. Stesheni iko wazi, mutu iko pale, amekataa kujibu. Ni haki yake."

Nilieleza mpaka nikakaukiwa. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo nilivyojichanganya mwenyewe: kwa nini picha moja inasikia na nyingine haisikii, kwenye kioo kile kile? Nilianza kusema habari za wanaotazama kuwa wengi, nikaishia kwenye antena, mume wangu akaniambia ninyamaze. Jumatatu asubuhi Opereta akaondoka bila kunywa chai. Nilisimama barabarani na kikombe mkononi, nimekasirika, sijui nimkasirikie nani.

Chini ya ule ukurasa wa kipindi kuna mahali pa kuandika. Niliandika jina langu la bwenini, nikaeleza kwa kifupi. Wiki sita hakuna kitu. Kisha siku moja jibu likaja: Papa alisema nini?

Nikamwandikia ukweli, kwamba hakusema kitu, aliita tu mara tatu, na kwamba siku hizi simu kwao hushika kilimani tu. Akakaa siku mbili. Halafu akaniuliza kama baba yake anaweza kupanda kilima.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta Kabambare, mgongo umevunjika kwa pikipiki, ninambembeleza mzee apande kilimani. Nilimwambia waziwazi: binti yako atapiga saa kumi kwenye simu yangu, safari hii atakusikia. Alinitazama sana. Kisha akachukua kofia.

Kule juu kuna jiwe moja tu ambapo simu hushika bila kukatika, na watu hupanga mstari kulipanda. Tulikuta kama watu wanane. Opereta akaenda moja kwa moja mwisho wa mstari.

"Papa, saa imefika. Pita mbele!"

"Hawa walifika kwanza."

Watu wenyewe wakaanza kumwambia apite. Mwanamume aliyekuwa juu ya jiwe akakata simu yake, akashuka. Opereta akatikisa kichwa, akashika mti. Simu ikaanza kuita mkononi mwangu, na hasira zangu zote za miaka yote ile zikanipanda.

"Unamungoja nani sasa?" nikamwambia. "Mstari wote umekuachia!"

Akaniinamia sikioni. 

"Si mustari, Kasongo. Ile neno, sijui kuisema."

Nilimshika mkono, nikampandisha kwenye jiwe kama mtoto, nikabonyeza, nikamwekea simu sikioni. Sauti ilikuwa kubwa, sote tuliisikia.

"Papa? Niko nasikia. Sema."

Alikaa kimya muda ambao kwenye foni ungetosha kuandika "hakujibu". Kisha akasema, bila kuita stesheni, bila "nakuachia":

"Mama yako alikufa. Alikufa Jumatano alfajiri, mi nikimushika. Karatasi niliiandika ile ile asubui. Watu waliniambia, Opereta, tanguliza yako. Nikakataa, nikatia ya kwangu mwisho. Haikuwa haki, mutoto yangu. Nilikuwa naomba betri iishe. Niliogopa ungesimama kule kwenye foni, uniulize mi mwenyewe, na nikusikie."

 Watu waliolelewa na hadithi ya yule mama na mbuzi waliangalia chini. Mimi sikujua nitazame wapi. Nilimhurumia, na wakati huo huo nilitaka kumsukuma aanguke kutoka lile jiwe.

Huko Kanada tulisikia pua ikivutwa.  Kisha akauliza kwa sauti ndogo, sauti ile ya bwenini:

"Walimuvalisha nini?"

 Machozi yalikuwa yanamshuka Opereta mpaka kidevuni.

"Sijui," akasema. "Wanawake walipokuwa wanamuosha mi nilijifungia mu chumba ya foni."

Akaondoa simu sikioni, akaugeukia mstari.

"Nani alikuwa pale?" akauliza. "Mutoto anauliza mama yake alivaa nini."

Mama mmoja mzee, wa nne kwenye mstari, akashusha kikapu chake chini. Akapangusa mikono kwenye kitenge, akapanda jiweni, akapokea simu.